Mwenzako Analipwa Zaidi? Tazama Mwaka Ulioanza

Wiki jana alinipigia kijana niliyemtafsiria mkataba wa Ausbildung, yale mafunzo ya kazi ya Ujerumani yenye malipo, mwaka 2023. Yuko saluni moja Leipzig. Hata salamu hakumaliza: "Mama, mlinipunja!" Mwaka wake wa pili alilipwa euro 731.60 kwa mwezi. Mwenzake, aliyeanza mwaka mmoja baada yake, kaingia mwaka wa pili na kupewa 766. Saluni ileile.

Hasira zake nazielewa, ila mkataba hauna kosa. Ujerumani, kima cha chini cha malipo ya mwanagenzi hufuata mwaka alioanza mafunzo. Wa 2023 alianzia 620, wa 2024 akaanzia 649, wa 2025 akaanzia 682. Mwaka wa pili huongezwa asilimia 18 juu ya pale ulipoanzia wewe, wa tatu 35. Kiwango kipya kikitoka, mkataba ulio njiani hauguswi. Na ile euro 12.82 kwa saa mliyokuwa mkiisikia mwaka 2025 ilikuwa kima cha chini cha wafanyakazi, mwanagenzi hayumo. Wauguzi wana sheria yao, msijilinganishe nao.

Kuna dada mwanagenzi wa duka la maua aliyeona ujanja wa kupata kiwango kipya ni kuvunja mkataba na kusaini duka jingine. Muda wa majaribio ukaanza upya, na humo mwajiri anaweza kukuachisha bila notisi wala sababu. Kibali chake cha kuishi kilitaja duka la kwanza. Hivyo wiki sita hakuingia kazini, barua juu ya barua, zote za kulipia, kwa kufukuzia euro thelathini na kitu!

Pa kudai ni pengine. Mwajiri asiyefungwa na makubaliano ya chama cha wafanyakazi hawezi kukulipa chini ya asilimia 80 ya kiwango cha chama kwa kazi hiyo na eneo hilo. Chama kikisema 1,000 nawe unapewa 700, hiyo 700 haitoshi, hata kama imepita kima cha chini. Kulitafuta jedwali la viwango vya chama la eneo lako hula nusu siku yangu, ndiyo maana bei yetu ya kutafsiri si ya saiba, duka la intaneti. Huko watakutafsiria kwa mia tano. Mwezi uliopita nililetewa tafsiri yao moja, "brutto", yaani mshahara kabla ya makato, imeandikwa "pesa mkononi", makato yote yamesahauliwa.

Kijana wa saluni nimemwambia anipigie picha stakabadhi ya mshahara, ukurasa mzima, si kona. Bado naingoja.