Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Daftari la Stoo na Mila za Klabu Yetu

Wanachama wenzangu wa chama cha wachezaji wa zamani, wachezaji wa sasa, walezi na marafiki wa klabu yetu ya raga ya chuo, nawasalimu nyote.

Kwa desturi mwenyekiti huanza na matokeo ya ligi. Mwaka huu nimeyasogeza nyuma, na sababu ni sanduku la bati. Tulipokuwa tukitoa vitu kwenye stoo iliyo nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo ili fundi akarabati paa, tulilikuta chini ya rundo la padi kuukuu za mazoezi. Ndani mlikuwa na kaunta buku la jalada gumu. Maji yalikwisha kuingia na kurasa za mwisho zimegandana, lakini zilizobaki zinasomeka. Mimi na katibu tulikaa nalo jioni tatu, taa ikiwa karibu na karatasi.

Ni daftari la manahodha wa mwanzo. Kila Jumamosi wameandika majina ya waliocheza, nani amelipa nauli na nani bado, na zamu ya kufua jezi ni ya nani. Kuna mahali wameandika habari za kola ya namba 8 iliyochanika, nani aliishona na uzi wa rangi gani. Jezi zilikuwa seti moja tu. Anayeichafua leo anajua kuna mwenzake atakayeivaa wiki ijayo, kwa hiyo ilifuliwa, ikashonwa, ikakabidhiwa. Ndiyo maana hadi leo nahodha wetu hukabidhi jezi mkononi, jioni ya kuamkia mechi, wala haziachwi kwenye begi kila mtu ajichukulie. Wengi wetu tuliifanya miaka yote bila kujua ilikotoka.

Ukurasa ulionizuia kulala ni ule wa kuwapokea wa mwaka wa kwanza. Utaratibu wao ulikuwa hivi: mgeni anakula kwanza, mkongwe ndiye anayepakua. Mgeni anafundishwa wimbo wa basi na mtu mmoja aliyeteuliwa, na mtu huyo huyo anamfuatilia muhula mzima, masomoni na uwanjani. Basi. Hakuna ndoo wala pombe.

Nasema ndoo kwa sababu mimi niliinywea. Mwaka wangu wa kwanza, usiku wa mechi yetu ya kwanza, tulipangwa mstari nyuma ya bweni tukalazimishwa kunywa ndoo ya pombe hadi iishe. Mwenzetu mmoja alizimia, tukambeba kwa blanketi hadi chumbani, tukakesha tukisikiliza pumzi zake. Asubuhi tukaambiwa hiyo ndiyo mila ya klabu. Niliamini. Baadaye, nikiwa mkongwe, niliishika ile ndoo kwa mikono yangu mwenyewe, na wale niliowanywesha wako miongoni mwenu mnaosoma taarifa hii. Nawaomba radhi.

Kamati imeipiga marufuku desturi hiyo moja kwa moja, na nahodha atakayeirudisha atavuliwa unahodha. Tumepokea barua za wanachama waliokasirika, wakisema tunaua mila. Nimezisoma zote. Jibu langu ni lile daftari: ndoo ililetwa na watu waliokuja baadaye, na waanzilishi wetu hawakuijua.

Na hata ingekuwa ya waanzilishi, raga ya vyuo haijawahi kuogopa kubadilika. Sheria za kwanza za mchezo huu ziliandikwa na wanafunzi wenyewe pale shule ya Rugby, Uingereza, mwaka 1845. Chuo cha Trinity mjini Dublin kilikuwa na klabu tangu 1854, kabla ya chama chochote cha raga cha taifa kuundwa. Oxford na Cambridge walipokutana mara ya kwanza Februari 1872, kila upande ulikuwa na wachezaji 20, nao mchezo ulikuwa zaidi wa kusukumana kwenye msongamano kuliko kukimbia na mpira. Ni vyuo hivyo hivyo viwili vilivyopunguza idadi hadi 15 katika mechi yao ya 1875, na timu za taifa zikaiga miaka miwili baadaye. Fikirini ukubwa wa jambo hilo. Raga ya wachezaji 15 tunayoiita ya asili ni mabadiliko yaliyofanywa na wanafunzi.

Huku kwetu Kenya mchezo ulikuja na walowezi na wanajeshi, ukakaa mikononi mwao miongo mingi. Kombe la Enterprise, ambalo bado linashindaniwa, lilitolewa na mabaharia wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo. Uwanja wa barabara ya Ngong, Nairobi, uliwapokea Lions, timu ya pamoja ya raga ya Uingereza na Ireland, mwaka 1955, wakati kijana Mwafrika hakuwa na nafasi katika klabu zilizoucheza mchezo huo. Ndipo mnajua kwa nini sisi wa vyuo tunautaja mwaka 1977 kwa heshima. Mwaka huo Mean Machine, timu ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliingia Kombe la Kenya kwa mara ya kwanza na kulinyakua msimu huo huo. Wanafunzi waliotoka darasani na kurudi darasani, dhidi ya klabu zenye majumba, baa na wanachama matajiri! Mwaka huo huo ilizaliwa Mwamba, ambayo nayo ilijengwa na wachezaji Waafrika. Waliotutangulia kwenye klabu yetu walikua wakisimuliwa habari hizo, na naamini zilichangia kuwapa ujasiri wa kuomba uwanja na seti ile moja ya jezi.

Tangu hapo vyuo vimeendelea kuulisha mchezo. Blak Blad wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na Leos wa Chuo Kikuu cha Strathmore mnawajua, maana wametuumiza mbavu mara nyingi. Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Kenya ilipofika nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba mjini Dubai mwaka 2009, alisomea kemia Chuo Kikuu cha Nairobi. Tarehe 17 Aprili 2016, vijana wa Shujaa, timu ya taifa ya Kenya ya wachezaji saba, walipoichapa Fiji 30–7 kwenye fainali ya Singapore, nakumbuka simu yangu haikunyamaza hadi usiku. Mtu niliyecheza naye safu ya mbele alinipigia akashindwa kuongea. Alikuwa analia tu.

Nirudi nyumbani. Timu ya wanaume imemaliza msimu katikati ya jedwali, na kwa kikosi kilichopoteza wakongwe wengi waliohitimu, nimeridhika. Skramu, pale washambuliaji wanaposukumana kugombea mpira, ni imara. Laini-auti, ule mpira unaorushwa kutoka pembeni, bado inatusumbua, na kocha anajua. Timu ya wanawake ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa jinsi inavyokaba na kwa nidhamu yake. Hata hivyo, nilipotembea kwenye ukuta wa picha za klabu niliona aibu: hapakuwa na picha yao hata moja, miaka yote hiyo, ilhali wanawake wa Kenya wamecheza raga Olimpiki ya Rio na ya Tokyo. Picha zimetundikwa sasa, usawa wa macho, karibu na mlango ambapo kila mgeni atazipita. Nao wameongeza ubeti wao kwenye wimbo wa basi. Wazee wengine wamenung'unika. Mimi nimeujifunza, na nitauimba.

Jambo moja zaidi la mila: kumlaki mpinzani. Baada ya kipenga cha mwisho tunapanga mistari miwili, tunawapigia makofi wageni wakipita katikati, kisha tunakula nao, ugali na sukuma na nyama, refa naye akiwemo. Mwaka huu kulikuwa na mechi moja ya nyumbani iliyoharibika kwa hasira, nasi tukaondoka uwanjani bila mistari na bila chakula. Nahodha alikuja kwangu kesho yake bila kuitwa, akaniambia amewapigia simu wenzao kuomba radhi. Sikumpa adhabu. Jezi yake ya namba 9 iko mikononi salama.

Kuhusu usalama: mchezaji aliyegongwa kichwa, hata akisema yuko sawa, anatoka na harudi siku hiyo. Msimbembeleze kocha, na msimwite kijana mwoga. Enzi zetu tulipakwa maji ya baridi tukarudishwa uwanjani, na tuna bahati tuko hai.

Uwanja una majeraha. Siku ya mahafali magari yaliegeshwa juu yake baada ya mvua, na matairi yakaacha mitaro inayofika kwenye kifundo cha mguu katika eneo la mita 22 upande wa mashariki. Tumeandika barua, na hadi sasa hatujajibiwa. Wakati tukisubiri, wachezaji wamejaza udongo kwa toroli na kupanda nyasi upya, Jumapili mbili mfululizo. Tafadhali msipite hapo na viatu vya meno hadi nyasi zishike.

Hesabu ziko kwenye ripoti ya mweka hazina, zimekaguliwa, na sina la kuongeza ila kuwashukuru wanaolipa ada bila kukumbushwa.

Lile daftari limekaushwa, na kila ukurasa unaosomeka umepigwa picha. Litakuwa mezani siku ya mkutano mkuu, ambayo pia ni siku ya mechi ya wakongwe na wanafunzi. Wenye picha, barua au jezi za zamani waje nazo. Katibu atazipokea mlangoni na kuandika majina. Mechi itaanza saa tisa alasiri. Baada yake wa mwaka wa kwanza watakaa kwanza, na mimi nitakuwa kwenye sufuria, nikipakua.