Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni wa Uingereza: nyumba ya Stokesay isihukumiwe kwa kukosa vita

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu nyumba ya Stokesay, iliyoko Shropshire, karibu na mpaka wa Wales. Watu huiita ngome, nami ombi langu linaanzia kwenye jina hilo, kwa kuwa anayeipima kwa kipimo cha ngome ataiona duni, na jengo linaloonekana duni huwekwa nyuma zinapogawanywa fedha za malikale.

Aliyeijenga hakuwa mfalme wala kabaila. Alikuwa Laurence wa Ludlow, tajiri wa biashara ya sufu, aliyeipata ardhi hiyo mwaka 1281. Mwaka uliofuata Llywelyn, mtawala wa Wales, aliuawa vitani, na majeshi ya Edward I, mfalme wa Uingereza, yakaiteka nchi yake; mpaka uliokuwa ukitisha ukawa mahali ambapo mwenye fedha angeweza kujenga kwa raha. Mwaka 1291 mfalme alimpa Laurence kibali cha kuizungushia nyumba yake ukuta wa mawe na chokaa wenye buruji. Lakini hebu tazama madirisha ya ukumbi mkuu: ni mapana, na mengine yanaelekea nje, upande wa handaki. Mtu anayetarajia kuzingirwa hajengi hivyo. Minara ile, kwa maoni yangu, ilikuwa ya kuwaonyesha majirani kuliko ya kumzuia adui.

Laurence hakuifaidi kwa muda mrefu. Mwaka 1294, baada ya kushiriki katika mpango wa kodi ya sufu ulioishia kuwabebesha mzigo wafugaji wa kondoo, alizama baharini akisafirisha sufu, na mwandishi wa kumbukumbu za kihistoria za watawa wa Dunstable, huko Uingereza, akasema kwamba bahari ilimlipa kwa dhambi aliyowatendea wauza sufu. (Watawa nao walikuwa wauza sufu, kwa hiyo hasira yao haikuwa ya kiroho tupu.)

Vita vilipofika mlangoni mwaka 1645, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Mfalme Charles I na Bunge la Uingereza, nyumba ilisalimishwa bila mapigano. Ukuta wa nje ulibomolewa kwa sehemu kubwa, lakini ukumbi na minara viliachwa. Baadaye wakulima waliitumia kama ghala, mafundi wakaunda mapipa na kufua chuma humo, hata moto ukaunguza sakafu za mnara wa kusini mwaka 1830. John Derby Allcroft, aliyeinunua mwaka 1869, aliitengeneza kwa uangalifu bila kuigeuza kuwa kitu kipya, na ndiyo maana mbao za paa la ukumbi, zilizokatwa katika karne ya 13, bado ziko juu ya vichwa vya wageni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba wizara yako inapopanga vipaumbele isiweke uzito mkubwa kwenye idadi ya vita ambavyo jengo limepitia. Mbao hizo zinahitaji mafundi seremala wanaojua kazi ya kale, na mafundi hao hufundishwa kwa miaka mingi. Fedha za kuwafundisha zitengwe kabla paa halijaanza kuvuja.

Wako katika kuyajali malikale,
Mpenzi wa majengo ya kale