Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Makaburi ya Kaya Yetu na Sheria ya Ardhi

Asalaam aleikum wazee wangu wa kaya, mama zangu, na ndugu zangu wote wanachama.

Naanza na msiba. Mwaka huu tumemzika mzee wetu aliyekuwa akitutangulia njiani kila tulipoingia kaya, msitu mtakatifu wa wazee wetu Wamijikenda, kwa sadaka. Yeye ndiye aliyekuwa akiyajua makaburi moja baada ya jingine: nani amelala chini ya mti wa mbambakofi, nani kando ya kichuguu, nani hatajwi jina mpaka sadaka itolewe kwanza. Aliyahifadhi kama mtoto wa chuoni anavyohifadhi juzuu. Vijana wawili waliokuwa wakifuatana naye wameshika sehemu tu. Nimelitanguliza hili kwa sababu kazi yote ya mwaka imezunguka hapo.

Mwezi wa Aprili, mvua zilipoanza, mlinzi wetu alikuta bikoni mpya, alama ya mpaka wa ploti, ndani ya msitu. Nilikwenda siku ile ile, kaniki, ile nguo nyeusi, kiunoni kama ilivyo ada. Chuma kimesimikwa kwenye saruji, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu, na pembeni alama ya kiatu ilikuwa imegandia humo. Hatua nne kutoka pale kuna kaburi. Mzee niliyekuwa naye aliinama, akapangusa majani kwenye mawe ya kichwani, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza kama tuliouzwa ni sisi au ni huyu aliyelala hapa.

Vijana walitaka kuing'oa usiku ule. Niliwazuia, na baadhi yenu mlinikasirikia. Kung'oa bikoni ni kosa la jinai, na kesi hiyo ingewapeleka ndani watoto wetu huku bikoni ikirudishwa palepale. Tulikwenda kwa chifu, tukaandika barua, tukafuatilia ofisi moja hadi nyingine. Waliomtuma soroveya, yaani mpima ardhi aliyeisimika, walisema ramani waliyopewa haina msitu wala makaburi, ina namba ya ploti tu. Mwishowe soroveya yule yule aliitwa, akaiondoa kwa mkono wake mbele ya wazee.

Tangu siku hiyo mmekuwa mkiniuliza swali moja: si kaya zilitangazwa kwenye Gazeti Rasmi? Ni kweli. Kaya za Mijikenda zilianza kutangazwa kuwa kumbukumbu za taifa mwaka 1992, na sasa zinalindwa na Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya 2006. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kadhaa, ikiwemo Kaya Kinondo ya huku kwetu Kwale, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata, mila zenyewe za kaya zikaandikwa miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Haya si madogo, na waliyapigania watu ambao wengi wao hatunao tena.

Lakini tangazo la kumbukumbu humkataza mtu kuharibu, halisemi ardhi ni ya nani. Mtu anaweza kukatazwa kuchimba mahali na bado akawa na hati yake mfukoni. Zamani ardhi hizi nyingi zilikuwa za amana mikononi mwa halmashauri, na sote tunajua misitu ya pwani ya Diani ilivyomegwa kipande kwa kipande.

Katiba ya Kenya ya 2010 ndiyo iliyotufungulia mlango. Kifungu cha 62 kinaorodhesha ardhi ya umma, na misitu ya serikali imo. Lakini hapohapo, kwa neno isipokuwa, kinaiondoa misitu inayotajwa katika kifungu cha 63: ile ambayo jamii inaishikilia, inaitunza au inaitumia kihalali, pamoja na mahali pake pa ibada. Hiyo ni ardhi ya jamii. Nawaomba mkisome wenyewe, msitegemee maneno yangu, kwa maana makaburi yetu yamo ndani ya hilo neno "isipokuwa".

Tatizo ni kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa hushikwa na serikali ya kaunti kwa niaba yetu. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inatutaka tujisajili kwanza: jamii ikutane, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, iandikishe wanachama wake, ndipo mpaka upimwe. Tukishasajiliwa, ardhi haiwezi kutolewa kwa mtu mwingine bila theluthi mbili ya mkutano wa jamii kukubali. Sheria hiyo inaturuhusu pia kutenga maeneo maalumu, yakiwemo ya utamaduni na dini. Kamati tendaji inapendekeza kaya yote, ndani na ukingoni, itengwe hivyo, pasiwe na shamba hata moja.

Hapo kwenye kupima mpaka ndipo tulipogongana, na nataka lielezwe wazi. Mimi nilitaka kila kaburi lipimwe kwa jipiesi, kile chombo cha satelaiti kinachoonesha mahali, liwe nukta kwenye ramani, asije mtu mwingine akasema hakuona. Wazee walikataa katakata. Walinikumbusha Kaya Fungo ya Wagiriama: Mekatilili wa Menza, mama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, aliwalisha watu kiapo pale mwaka 1913, na mwaka uliofuata serikali ya Waingereza ikailipua kwa baruti. Walinikumbusha pia vigango vya ndugu zetu Wagiriama, nguzo za mbao za kuwakumbuka marehemu, vilivyong'olewa mbele ya nyumba za watu vikauzwa hadi Marekani. Vimeanza kurudi, 30 kati ya hivyo kutoka jumba la makumbusho la Denver, lakini vingi vingali huko. Aliyeviiba alijua pa kwenda. Ramani yenye nukta ingemrahisishia kazi mwizi mwingine, na kuna vitu ndani ya kaya ambavyo hata mimi mwenyekiti sioneshwi.

Nimekubali kwamba wazee wana haki. Tumeafikiana hivi: ramani itaonesha mpaka wa nje peke yake, na ndani yote pataandikwa mahali pa mazishi na ibada, bila nukta hata moja. Makaburi yenyewe yatabaki vifuani mwa watu. Lakini vifua viwe vingi. Kuanzia sasa vijana sita, watatu wa kike na watatu wa kiume, wanatembezwa na wazee kila mwezi na kuulizwa majina njiani. Mama zetu wajane wamekubali kuwafundisha nasaba, maana wao ndio walioshika nani alimzaa nani.

Wapo ndugu zetu msikitini wanaoona mambo ya sadaka hayafai. Tumeongea nao kwa heshima, na tulikubaliana jambo moja bila taabu: kaburi la mzazi halichimbwi.

Daftari la wanachama linasuasua. Koo mbili hazijaleta majina kabisa, na watoto wetu walio Mombasa na Uarabuni hawajatuma nakala za vitambulisho. Tafadhali wapigieni simu wiki hii. Hesabu za fedha atazisoma mhazini baada yangu. Mlinzi anatudai shukrani, na anatudai pia mshahara wa miezi miwili, na hilo lilipwe kabla ya jambo jingine lolote.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tunatembea mpaka wa mashariki na soroveya tuliyemleta wenyewe. Tukutane saa moja asubuhi kwenye mbuyu. Kila ukoo ulete mtu mzima mmoja na kijana mmoja. Asiye na kaniki ataazimwa na katibu. Panga zitafyeka njia ya nje tu, na hakuna atakayevuka lango la pili mpaka wazee waseme.