Mlima Uliozaliwa Mashariki ya Maore

Tanga,
Ijumaa jioni.

Rafiki yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani. Swali uliloniuliza limenikaa moyoni tangu nilipolisoma: yawezekanaje mlima mzima uzaliwe baharini, karibu na kisiwa chenye watu, pasiwe na hata mvuvi mmoja aliyeuona? Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa unajiandaa kwenda Maore kumtazama dada yako, nami ningependa ufike ukijua kilichoko chini ya maji yale.

Jambo lilianza kwa kutikisika kwa nyumba. Tarehe 10 Mei 2018 watu wa Maore, kisiwa ambacho kwenye ramani nyingi huandikwa Mayotte na kilicho chini ya Ufaransa, walianza kuhisi matetemeko yaliyofuatana usiku na mchana, na siku tano baadaye likaja kubwa kuliko yote, lenye ukubwa wa takriban 5.9. Kuta ziliingia nyufa, na wako waliokuwa wakitoa mikeka na kulala nje kwa kuhofia paa. Mateso makubwa zaidi, kwa maoni yangu, yalikuwa kutojua, maana mwaka mzima ulipita kabla ya mtu yeyote kuweza kuwaambia kwa hakika ni kitu gani kilichokuwa kikiwaamsha usingizini.

Katikati ya mwaka huo wa kutojua likatokea lililowashangaza wataalamu wenyewe. Tarehe 11 Novemba 2018 wimbi la chini kwa chini, refu na la polepole kiasi kwamba hakuna binadamu aliyelihisi, lilitoka upande wa Maore likaizunguka dunia kwa zaidi ya dakika 20. Mitambo ya kupimia matetemeko ililinasa Kenya, Ethiopia na Zambia, na hata kule Chile, New Zealand na Kanada. Fikiria, ndugu yangu: huenda lilipita chini ya miguu yetu hapa Tanga tukiwa katika shughuli zetu.

Ukweli ulionekana Mei 2019, meli ya utafiti Marion Dufresne ilipopima sakafu ya bahari kilomita 50 hivi mashariki ya kisiwa. Ramani iliyochorwa mwaka 2014 ilionyesha mahali hapo sakafu tambarare. Sasa palisimama mlima wa volkano wenye kimo cha mita 820. Uliitwa Fani Maoré. Zaha, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, iliyotoka humo kwa jumla inakadiriwa kufikia kilomita za ujazo 6.5, yaani sanduku lenye urefu, upana na kimo cha kilomita moja, ulijaze mara sita na nusu. Ni miongoni mwa milipuko mikubwa zaidi ya chini ya bahari iliyowahi kupimwa.

Sasa nifike kwenye swali lako. Sakafu ile iko mita 3,500 chini, karibu pima 1,900 kwa hesabu ya manahodha wetu, na kwenye kina hicho uzito wa maji hukandamiza mara 350 hivi ya hewa tunayoivuta, hivyo mvuke haupati nafasi ya kutanuka na kulipuka, na zaha huganda ngozi yake mara inapogusa maji ya baridi. Karthala, volkano ya kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, ilipolipuka mwaka 2005, ilimwaga majivu hadi kwenye matangi ya maji ya kunywa, kila mtu akajua. Huyu mdogo wake hakutoa hata moshi. Mvuvi angeweza kupita juu yake asione chochote.

Hata hivyo kisiwa chenyewe kilijua. Kadiri zaha ilivyotoka kwenye hifadhi yake ya kina kirefu ndivyo ardhi iliyo juu ilivyobonyea, na Maore yote ikasogea mashariki kwa takriban sentimita 20 na kuzama kwa kiasi kinachokaribia hicho. Sentimita hizo zaonekana kidogo kwenye karatasi, lakini sisi wa pwani twajua maana yake siku ya bamvua, maji yanapopanda barabarani na kufika mlangoni pasipofikiwa zamani.

Zaha mpya haijaonekana tangu mapema mwaka 2021, ingawa matetemeko madogo yanaendelea, mengi yakitokea karibu zaidi na kisiwa, kilomita chache tu kutoka Petite-Terre, kile kisiwa kidogo cha Maore kilicho kando ya kile kikubwa, na ndiyo maana wataalamu hawajaondoa macho yao huko.

Nakuomba jambo moja. Ukishavuka kwa pantoni kutoka Petite-Terre kwenda mji wa Mamoudzou kwenye kisiwa kikubwa, na mkishatulia nyumbani, muulize dada yako kuhusu miezi ile: walilala wapi, watoto waliambiwa nini, wazee walisema nini. Mitambo imeandika mitikisiko yote, ila hayo haikuyaandika. Uniandikie kama atakavyokusimulia, kwa maneno yake ya Kimaore, nami nitayasoma polepole mpaka niyaelewe.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote.