Kabla hujalipia ripita kuukuu, soma kibandiko

Juzi mteja wetu mmoja wa hapa Arusha alitushushia ripita (mtambo unaopokea mawimbi ya redio na kuyarusha upya ili yafike mbali) aliyoinunua mnadani, ilikuwa ya kampuni ya utalii. Tulipofungua mfuniko tukakuta nyigu wamejenga kwenye feni. Nyigu si tatizo, ni brashi na dakika tano. Tatizo lilikuwa kile kiboksi cha bati kilichofungwa nyuma, ambacho yeye hata hakukiangalia.

Ripita yake ni Motorola GR300. Ukiifungua, hakuna maajabu: ni redio mbili za gari aina ya GM300, moja inapokea, nyingine inarusha. Futa vumbi kwenye kibandiko cha redio yenyewe. Namba ya modeli ikianza na M43 au M33, hiyo ni VHF (bendi ya megahezi 30 hadi 300). Ikiwa M34 au M44, ni UHF (bendi ya juu yake). Namba ya kwanza baada ya M ni nguvu, ya pili ndiyo bendi. Lakini usiishie hapo. GM300 za VHF zilitoka za megahezi 136 hadi 162 na za 146 hadi 174, na sisi wa redio ya ridhaa, yaani wanaorusha kwa kupenda tu na si kwa biashara, tunahitaji 144 hadi 146. Ya kwanza inaingia bila maneno. Ya pili mara nyingi inakubali kushuka, ila tunaipima kwanza mezani ndipo tuahidi. Programu yake ni ya enzi za DOS na haielewani na kompyuta zenye kasi, kwa hiyo tuna laptopu moja kuukuu ambayo hapa haiguswi na mtu bila ruhusa.

Sasa turudi kwenye kile kiboksi, yaani dupleksa. Ndiyo inayowezesha antena moja kurusha na kupokea kwa wakati mmoja. Mtambo unarusha wati 25 huku pembeni yake kuna kipokezi kinachotega mawimbi ya robo ya mikrovolti. Pasipo kichujio kizuri, ripita inajiziba masikio yenyewe. Redio za kibiashara kwa kawaida huachanisha masafa ya kupokea na kurusha kwa megahezi 4 au 5, na dupleksa ndogo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo inatosha. Kwenye VHF ya ridhaa nafasi ni kilohezi 600 tu. Hapo hata ukizungusha skrubu zake mpaka kesho, haifiki. Yanatakiwa yale makopo marefu ya kuchuja mawimbi, karibu nusu mita au zaidi kila moja, manne au sita, na hayo mara nyingi yanagharimu kuliko ripita yenyewe.

Ndiyo maana tukiulizwa, tunashauri UHF. Nafasi ikiwa megahezi 5 au zaidi, dupleksa ileile ndogo inaweza kurekebishwa upya, mradi masafa mapya hayako mbali sana na ya zamani. Kazi hiyo inataka kifaa cha kupimia, haifanywi kwa kukisia.

Mambo mawili hatuna mjadala nayo. Ripita ikifika, tunaiwasha kwenye antena bandia (kifaa kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani) na kufuta masafa ya mwenye nayo wa zamani, kwa sababu huenda bado anayatumia. Na hatuikabidhi ikiwa tayari kufungwa mlimani bila kuona leseni na kibali cha masafa kutoka TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Tena tunapunguza nguvu: GM300 ni redio ya gari, haikuumbwa kurusha kutwa nzima. Ya wati 45 tunaishusha hadi 20 hivi, na feni inabaki.

Huyu wa nyigu, yake ilikuwa VHF na makopo yalimshinda bei. Tukazitoa zile GM300 mbili, tukazipangia megahezi 145.500, moja akafunga nyumbani, nyingine akampa rafiki yake mwenye leseni aliyeko Usa River. Dupleksa yake ipo hapa kwenye rafu, anayeihitaji kwa kazi ya kibiashara aje aione.

Ukiona ripita mnadani, tutumie picha tatu kabla hujatoa pesa: kibandiko cha redio, dupleksa pamoja na maandishi yake, na soketi za nyuma. Kuangalia picha hatutozi.