Zohali kwenye banda la nguruwe

Isyonje,
Jumapili, 27 Julai 2025

Kwako Festo,

Kamwene, ndugu yangu! Huku hatujambo. Mama Atu anakusalimu, mtoto wa mwisho kaota meno mawili, baridi tu ndiyo inatutafuna. Wiki iliyopita majani ya viazi vya Baba Neema yaliamka meusi kama yaliyobabuliwa na moto. Mama hapo Kihesa mpe shikamoo yangu, mwambie deni la kidumu sijalisahau.

Zamu ya kuandika ilikuwa yako, na unajua. Tangu Pasaka nimepiga simu mara tatu, inaita mpaka inachoka. Nikikutumia sauti WhatsApp unaniachia alama za bluu. Ningenuna mpaka Krismasi, ila nina shida, na mwenye shida hachagui wa kumnunia. Nahitaji waya. Huo waya nitaufikia, kwanza nikusimulie aibu iliyonipata, maana najua Tumaini atakufikishia na atatia chumvi.

Unamkumbuka yule daktari Mjerumani niliyekuwa namfundisha Kiswahili jioni? Alimaliza mkataba Novemba, akaniachia katoni. Ndani kuna darubini. Usifikirie ile ya kufumba jicho moja kama nahodha. Hii ni ya kompyuta: stendi ya miguu mitatu, mkono mmoja wenye mota ndani yake, bomba fupi nene kama chupa ya chai, kioo cha upana wa milimita 125, na rimoti yenye waya uliojisokota kama wa simu za mezani za zamani. Unachagua jina, unabonyeza, inageuka yenyewe kwenda kukitafuta hicho kitu. Kitabu chake cha maelezo ni cha Kijerumani, lakini mwenyewe aliniambia inajua vitu karibu 40,000 vya angani. Nikasema basi, mimi kazi yangu ni kubonyeza.

Ikakaa juu ya kabati miezi minane. Mvua, ukungu, mitihani, unajua mwenyewe. Julai mbingu zikafunguka nikaishusha.

Mchana wa siku ya kwanza nilifanya jambo moja la maana, nalitaja kwa sababu ndilo pekee nililopatia. Nililenga mnara wa simu ulio ng'ambo ya bonde, nikauweka katikati ya lenzi, kisha nikakaza skrubu za kile kilengeo chenye nukta nyekundu mpaka nukta ikakaa kwenye ncha ileile ya mnara. Jua nililipa mgongo muda wote. Gwakisa, yule kijana wa Kidato cha Tatu, nilimwonya, ukilielekeza bomba hili kwenye jua ukachungulia, jicho limekwenda na halirudi.

Usiku wake, Jumamosi tarehe 12, nikasimamisha stendi nyuma ya nyumba, nikaazima pima maji ya Tumaini nikaiweka sawa, na tochi nikaipaka rangi nyekundu ya kucha ya Mama Atu ili mwanga usituharibie macho gizani. (Ningefunga mfuko mwekundu wa rambo, lakini siku hizi utautoa wapi?) Halafu nikaita majirani. Festo, nani alinituma kuita majirani?

Rimoti inauliza maswali kama karani wa sensa. Uko wapi, leo tarehe ngapi, saa ngapi, mnatofautiana saa ngapi na Greenwich. Nikajibu yote. Ikasema haya, chagua nyota mbili, uniwekee katikati ya lenzi moja baada ya nyingine. Hapo nikaduwaa. Kitu kinachojua vitu 40,000 kinataka mimi nikionyeshe viwili! Nikafungua orodha yake: Fomalhaut, Achernar, Aldebaran. Nikatazama juu, mimi na fizikia yangu ya miaka 14 ubaoni, sikuijua hata moja. Watu wananisubiri. Nikasema potelea mbali, ile inayowaka kule kusini ndiyo itakuwa Achernar. Nikabonyeza, ikakataa. Nikabadilisha, ikakataa. Mara ya tatu ikakubali, sijui kwa kuchoka au kwa huruma.

Nikaagiza Zohali. Mota zikaanza kulia nzzz, bomba likageuka polepole, watu kimya, Mama Sekela kambeba mjukuu mgongoni anashangaa. Darubini ikainama. Ikainama tena. Ikasimama imelikodolea macho banda la nguruwe la Mama Sekela mwenyewe.

Kimya. Kisha Mama Sekela akasema, "Mwalimu, huyo dume namjua. Hahitaji darubini."

Sitakueleza kicheko kilichofuata. Mpaka leo nikipita dukani wananiuliza Zohali kazaa lini.

Kesho yake nikatoka peke yangu kama mwizi. Sehemu ya tarehe nikaandika 13/07. Ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Nimekaa pale na blanketi kichwani, vidole vimekufa ganzi, ndipo nikashtuka: Wamarekani hutanguliza mwezi, na mashine inafuata mtindo wao! Jana yake niliandika 12/07 nikimaanisha Julai, yenyewe ikasoma tarehe 7 Desemba na kunipa nyota za Desemba. Fomalhaut na Achernar huonekana hapa jioni za mwisho wa mwaka. Mimi nilikuwa nazitafuta Julai. Hata Zohali yenyewe, saa mbili ile ya usiku ilikuwa haijachomoza kabisa. Ningeanza tarehe 20 mashine ingenikatalia mlangoni na nisingeaibika. Karibu siku zote 12 za mwanzo wa mwezi zina mtego huo.

Nikarekebisha. Orodha ikaja ya watu ninaoweza kuwatambua: Antares, ile nyekundu ya kwenye kundi la nyota la Nge, Arcturus kaskazini, Spica karibu na utosi. Nikaweka Antares. Ya pili nikachagua Alpha Centauri, jirani yetu, umbali wa miaka ya nuru 4 na kidogo. Mota nzzz, bomba likaelekea kusini sawasawa, likasimama kwenye mikaratusi ya misheni. Nyota yenyewe iko juu yake. Nikanyoosha mkono nikapima: shubiri nzima, kasoro kidogo.

Usiku ule niliwaza kuirudisha kwenye katoni. Lakini ile shubiri ikaninyima usingizi. Kosa la kubahatisha haliwezi kuwa la wima namna ile, upande wa kushoto na kulia liko sawa kabisa. Asubuhi nikiwa napiga mswaki ndipo likanijia. Nikaikimbilia rimoti na povu mdomoni. Latitudo: digrii 9, Kaskazini! Nilijaza namba nikaacha herufi waliyoiweka wenyewe. Mashine ilikuwa inaamini nimesimama usawa wa Addis Ababa. Tisa juu ya ikweta badala ya tisa chini yake ni kumi na nane, na digrii 18 ndiyo shubiri yangu.

Sasa niambie, kwa nini herufi ya kwanza iwe Kaskazini? Ni kama upande huu hakuna anayetazama juu. Nilimwomba binti wa misheni anitafsirie kurasa mbili za kile kitabu, na ushauri wa kwanza ni kuitafuta Nyota ya Kaskazini. Nyota ya Kaskazini hapa Isyonje iko chini ya ardhi, labda nichimbe.

Baada ya hapo ukungu siku kadhaa. Alhamisi iliyopita nikamwachia Gwakisa ajaze mwenyewe, kijana hodari. Tarehe sawa, Kusini sawa, Mashariki sawa. Bomba likaenda kunusa majani. Nikaangalia saa: kaandika 2:00. "Anko, si saa mbili?" Ni saa mbili kweli! Mashine inataka 20:00. Sikuweza kumgombeza, nilicheka mpaka Mama Atu akatoka na ufito akidhani kuna mwizi.

Na Ijumaa, Festo. Ijumaa tarehe 25 ilikubali.

Antares, bonyeza. Arcturus, bonyeza. Nikaagiza Alpha Centauri, nzzz, nikachungulia, iko katikati. Nikabadili lenzi, nikatoa ya milimita 25 inayokuza mara 50 nikaweka ya 10 inayokuza mara 125, na ile nyota moja ikawa mbili, zimeegemeana kama taa za gari linalokuja kwa mbali. Nimefundisha jambo hilo darasani. Kuliona ni kitu kingine. Kisha Omega Centauri. Kwa macho matupu utadhani ni nyota iliyofifia. Kwenye lenzi ndogo ni kama pumzi kwenye kioo cha dirisha. Ukitulia, ukiacha jicho lizoee, ile pumzi inaanza kuwa chembe, chembe, chembe, huwezi kuzimaliza. Nyota kama milioni 10, miaka ya nuru 17,000 kutoka hapa. Gwakisa akauliza kama kile kimondo cha Mbozi kilitoka huko. Nikamwambia hapana, kimondo ni cha ukoo wetu huuhuu wa Jua. Nikakukumbuka ulivyopanda juu yake na viatu vya kuazima tukapigwa picha, tani 16 za chuma wewe umekunja mikono kama umekibeba. Ile picha anayo nani? Lutengano?

Zohali tuliisubiri mpaka saa saba usiku. Nilikuwa na vijana wanne wa bweni na mlinzi. Ikaja yenyewe kwenye lenzi, kidoa cha njano, na pete yake, ila pete yenyewe mwaka huu imetugeuzia ukingo. Kila baada ya miaka kama 15 hutokea hivyo, na Machi ndipo ilipotulalia sawasawa. Vijana walitaka kofia pana waliyoiona kitabuni, wakakuta sindano iliyopenya kitunguu. Mmoja akasema, "Mwalimu, imepungua?" Mlinzi yeye alichungulia, akanyamaza, akazunguka mbele ya bomba na tochi yake kuangalia kama nimebandika picha. Akarudi akachungulia tena. "Ni yenyewe," akasema, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyetambulishwa kwa mkubwa.

Nilikaa mpaka saa kumi nikaona Kilimia, lile kundi dogo la nyota, kikipanda. Ajabu, darubini ni kubwa mno kwa Kilimia, hakienei kwenye lenzi. Macho ya bibi yake Gwakisa yanakiona vizuri zaidi. Yeye huwa anatoka alfajiri kukitazama na hajawahi kuulizwa latitudo.

Haya, waya. Darubini inakula betri 8 ndogo za tochi, na kwa baridi hii hazidumu hata muda wa saa mbili. Zikiishiwa nguvu haizimiki kistaarabu, inarukwa na akili, inazunguka yenyewe hovyo na ulinganifu wote umepotea, unaanza upya na Antares. Nimeazima betri ya pikipiki ya Tumaini, volti 12, inafaa kabisa, ila sina waya wa kuunganisha. Fundi mmoja hapa mjini alinitengenezea mmoja akageuza chanya na hasi. Bahati nilipima kwa mita kabla ya kuchomeka, vinginevyo ningekuwa nakuandikia barua ya msiba. Ijumaa nilipona kwa betri mpya ambazo Mama Atu alizinunua kwa ajili ya redio yake, na bado hajajua.

Kwa hiyo nenda pale kwa yule jamaa wa sola karibu na stendi ya zamani. Mwambie kuna mtu anataka waya wa volti 12 wenye kichwa cha duara, upana wa nje milimita 5.5, tundu la ndani 2.1, chanya katikati. CHANYA KATIKATI, mwandikie kwenye kiganja. Mita tatu ziwepo. Pesa nitakurushia kwenye simu, kama bado una simu.

Na uje nao mwenyewe. Tarehe 7 Septemba, ambayo ni Jumapili, mwezi unapatwa wote, na sisi tutauona mwanzo mpaka mwisho. Kivuli kinaanza kuuma karibu saa moja na nusu usiku, saa mbili na nusu umemezwa wote, unakaa mwekundu mpaka karibu saa nne. Darubini hata haihitajiki kwa hilo, lakini nimeshawatangazia majirani, maana nataka kulifuta lile jambo la banda. Mama Sekela kasema atakuja na kiti chake.

Sasa unijibu. Simu imeharibika au umebadili namba ukanisahau? Yale mambo ya uhamisho yaliishia wapi? Shemeji alishajifungua, au bado tunahesabu? Ni kweli Lutengano kauza shamba la Mafinga, miti na yote? Na waya unaweza kuupata kabla ya mwisho wa Agosti, au nimlilie mtu mwingine? Utalala kwangu siku ngapi, nimwambie Mama Atu aandae chumba cha nyuma?

Mpe barua dereva wa lile basi la alfajiri, ananijua.

Ni mimi wako,
Ambakisye

N.B. Njoo na koti. Siyo lile la harusi.