Mwandishi wenu alimsahau Jean Bennett

Mhariri,

Makala yenu ya tiba ya jeni mliibana chini ya tangazo la magodoro. Mimi niliisoma mara tatu. Mpwa wangu, miaka 9, ikishaadhiniwa magharibi hupita vichochoro vya Langoni mkono ukipapasa ukuta. Tulimgombeza kwa uzembe, Mungu atusamehe, kumbe ni macho.

Mbona hamkumtaja Jean Bennett, mtafiti wa tiba hiyo ya macho? Yeye na mumewe, Albert Maguire, huko Philadelphia, walitumia kirusi kisicholeta ugonjwa, wakakipakia jeni isiyo na kasoro ya RPE65 (ikiharibika, mtu hupoteza uwezo wa kuona, hasa gizani) kama shehena mashuani, wakakidunga chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Walianza na mbwa waliozaliwa na upofu. Mmoja, Lancelot, alipata kuona hadi akapelekwa mbele ya wabunge wa Marekani (mbwa huyo kabahatika!). Majaribio kwa watu yakaanza 2007, dawa ikaidhinishwa Desemba 2017. Miaka kumi! Bei ilipotangazwa ilikuwa dola 425,000, jicho moja.

Hizo hatuna, hata tukiuza jahazi na nyumba. Ninachotaka ni kujua kama tatizo la kijana ni jeni hiyohiyo. Mwandishi wenu atuulizie: kipimo hicho Kenya kinafanywa wapi?

Mwalimu mstaafu,
Lamu